Maswali ya kudhoofisha hoja za kisababishi: dalili za makosa, vyanzo vyake na marekebisho

Tangu Agosti 2024 mtihani wa LSAT, ambao vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada huutumia kuchuja waombaji, hauna tena ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu. Sehemu zinazohesabiwa alama ni mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, kila moja ikipewa dakika 35, na kwa kuwa sehemu ya hoja huwa na maswali yapatayo 25, mtahiniwa ana chini ya dakika moja na nusu kwa kila swali. Mtihani wa GMAT, kwa wanaoomba shahada za uzamili za biashara, nao una sehemu ya lugha yenye maswali 23 kwa dakika 45, na baadhi yake ni ya kutathmini hoja. Swali lisilokosekana katika mitihani yote miwili ni hili: hoja fupi inadai kwamba jambo moja limesababisha jingine, kisha mtahiniwa anaulizwa ni chaguo gani kati ya matano, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja hiyo zaidi.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, yaani aina za makosa zinazojitokeza mtu anapoyapitia mazoezi yake, kwa sababu idadi ya maswali aliyokosa peke yake haimwambii mtahiniwa arekebishe nini. Msimamo wangu ni kwamba dalili hizi, ingawa zinatofautiana kwa sura, karibu zote zina mzizi mmoja: msomaji ameingia kwenye machaguo kabla ya kukitambua kiungo kinachounganisha ushahidi na hitimisho. Hoja ya kisababishi huleta ushahidi kwamba mambo mawili yameonekana pamoja au yamefuatana, hufikia hitimisho kwamba moja limeleta jingine, na katikati hubeba dhana isiyosemwa kwamba hakuna maelezo mengine yanayotosha. Kudhoofisha hoja ni kuigusa dhana hiyo.

Ili dalili zote zijadiliwe juu ya kitu kimoja, nitatumia hoja hii ya kubuni:

Mwezi Januari halmashauri ya mji iliweka taa za barabarani katika mitaa minne iliyokuwa na wizi mwingi wa usiku. Kufikia Juni, matukio ya wizi yaliyoripotiwa katika mitaa hiyo yalikuwa yamepungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza wizi.

Dalili: machaguo matatu au manne yote yanaonekana kuiumiza hoja

Hali hii humpata msomaji aliyeielewa mada lakini hakulitenga hitimisho. Anakumbuka kwamba kifungu kinahusu taa, wizi na halmashauri, kwa hiyo chaguo linalosema kwamba taa hizo ziligharimu fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa linamvuta, na linalosema kwamba wakazi walilalamikia mwanga unaowanyima usingizi linamvuta pia. Yote mawili yanasema jambo baya kuhusu taa, na hakuna hata moja linalosema lolote kuhusu kama taa zilipunguza wizi.

Marekebisho ni kulitaja hitimisho kwa sentensi moja ya muundo wa "hiki kimeleta kile", kwa maneno yako mwenyewe, kabla ya kulitazama chaguo la kwanza. Sentensi hiyo ibebe pia uzito wa dai. Anayesema kwamba taa "ndizo" zilizopunguza wizi amejifunga zaidi kuliko anayesema kwamba taa "zilichangia", kwa kuwa dai la pili haliyumbi sana unapoonyesha tu kwamba polisi nao waliongeza doria; visababishi viwili vinaweza kufanya kazi kwa pamoja. Na kama hitimisho lingekuwa kwamba miji mingine ikiweka taa itapunguza wizi, tungekuwa na utabiri, ambao unaweza kudhoofishwa hata kama taa za mji wa kwanza zilifanya kazi kweli: ingetosha kuonyesha kwamba wizi mwingi katika miji hiyo mingine hufanyika mchana.

Dalili: unalikataa jibu sahihi kwa sababu "halimo kwenye kifungu"

Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa la kwetu zaidi, na chanzo chake hakina aibu yoyote. Mwanafunzi aliyesoma sekondari Tanzania au Kenya amefanya ufahamu kwa miaka mingi, katika Kiswahili na katika Kiingereza, akiongozwa na maneno "kwa mujibu wa kifungu". Amefunzwa, tena vizuri, kwamba jibu lenye habari ambayo mwandishi hakuitaja ni jibu la kubahatisha. Nidhamu hiyo inamsaidia sana katika maswali ya LSAT yanayouliza ni jambo gani linalofuata kutokana na kifungu. Katika swali la kudhoofisha nidhamu hiyohiyo inamwangusha, kwa sababu hapa jibu sahihi karibu kila mara huleta habari mpya. Kama habari inayoidhoofisha hoja ingekuwa ndani ya kifungu tayari, mwandishi wa hoja angekuwa amejipinga mwenyewe.

Maneno mawili ya kushikilia ni "likiwa kweli". Yanamaanisha kwamba mtunga swali amekupa ruhusa, na kwa kweli amekuamuru, uyakubali machaguo yote matano kama taarifa sahihi, hata lile linaloonekana kuwa na ajabu. Usiulize kama inawezekana kweli kwamba kiwanda kilichokuwa jirani na mitaa ile kilifungwa mwezi Februari na vibarua wengi wakauhama mji. Kubali kwamba kilifungwa, kisha uliza: nikilijua hili, bado naamini kama mwanzo kwamba taa ndizo zilizopunguza wizi? Imani ikipungua, chaguo limefanya kazi yake, na halihitaji kuivunja hoja kabisa. Wengi hulikataa jibu sahihi kwa kuwa "bado taa zingeweza kuwa sababu". Zingeweza, lakini swali halikuomba ithibati kwamba hoja ni ya uongo. Limeuliza ni kipi kinachoipunguzia nguvu kuliko vingine.

Dalili: unachagua jibu linalogombana na ushahidi

Mtahiniwa mwingine hutafuta chaguo litakaloonyesha kwamba wizi haukupungua. Machaguo ya namna hiyo ni machache, kwa kuwa mitihani hii huuchukulia ushahidi wa kifungu kuwa kweli na kushambulia kinachojengwa juu yake.

Kuna mahali pa kuangalia kwa makini, hata hivyo. Hoja yetu haikusema kwamba wizi ulipungua. Ilisema kwamba matukio *yaliyoripotiwa* yalipungua, kisha katika hitimisho neno hilo likadondoka. Chaguo linalosema kwamba mwezi Februari kituo cha polisi cha eneo hilo kilihamishiwa umbali wa kilomita kumi halipingani na ushahidi hata kidogo. Linaukubali na kuupa maelezo mengine: huenda watu waliacha kwenda kuripoti. Tofauti kati ya kinachopimwa na kinachodaiwa ni moja ya nafasi ambazo watunga maswali huzipenda sana, na njia ya kuigundua ni kulinganisha nomino za ushahidi na nomino za hitimisho, moja baada ya nyingine. Wagonjwa waliopimwa si wagonjwa wote, kama vile mauzo ya kampuni yasivyokuwa faida yake, au alama za mtihani zisivyokuwa maarifa ya mwanafunzi.

Dalili: unachagua "kisababishi kingine" na bado unakosa

Hapa yupo mtahiniwa aliyekwisha kusoma kidogo kuhusu maswali haya, akaambiwa kwamba hoja ya kisababishi hudhoofishwa kwa kutaja kisababishi kingine. Ushauri huo ni sahihi lakini haukukamilika, na watunga maswali wanawajua vizuri wanaoufuata nusunusu. Kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kisababishi kinachowezekana kwa ujumla lakini ambacho hakikuonyeshwa kuwepo katika kisa husika. Chaguo linasema: "Tafiti zimeonyesha kwamba vikundi vya ulinzi shirikishi hupunguza wizi katika miji mingi." Ni kweli, tumekubali. Lakini je, mitaa yetu minne ilikuwa na kikundi hicho kati ya Januari na Juni? Chaguo halisemi. Linganisha na hili: "Mwezi Februari wakazi wa mitaa hiyo minne walianzisha ulinzi shirikishi wa usiku." Sasa kisababishi kipo mahali husika, katika muda husika.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na naona unastahili subira ya msomaji. Chaguo linasema: "Mitaa hiyo minne ina nyumba nyingi zenye mageti na mbwa wa ulinzi, vitu ambavyo huwazuia wezi." Kisababishi kipo, mahali ni penyewe, na athari yake inaeleweka. Hata hivyo hakiidhoofishi hoja, kwa sababu mageti na mbwa walikuwepo mwezi Desemba kama walivyokuwepo mwezi Juni. Kinachotafutiwa maelezo ni *mabadiliko*, na kitu kilichobaki vilevile wakati wote hakiwezi kueleza kwa nini kingine kilibadilika. Kila unapokutana na hoja inayoeleza kuongezeka au kupungua, liulize chaguo lako swali moja: je, hiki nacho kilibadilika, na kilibadilika lini? Kama kilibadilika mwezi Agosti, baada ya wizi kupungua, kimechelewa. Kama chaguo linatuambia kwamba wizi ulianza kushuka mwezi Oktoba wa mwaka uliotangulia na ukaendelea kushuka kwa kasi ileile, basi limedhoofisha hoja bila kutaja kisababishi kingine chochote, kwa kuwa tokeo limeanza kabla ya kisababishi kinachodaiwa kulileta.

Dalili: huoni kosa pale mshale unapogeuzwa, au pale mambo mawili yanapokuwa na mzazi mmoja

Baadhi ya hoja hazisimulii mfuatano wa matukio. Zinaripoti kwamba vitu viwili huonekana pamoja: wanaofanya hiki huwa pia na kile. Hapo kutafuta kisababishi cha tatu kinachovileta vyote viwili, yaani mzazi wao mmoja, ni njia moja tu kati ya mbili. Njia nyingine ni kugeuza mshale, yaani kuonyesha kwamba kilichoitwa tokeo ndicho kisababishi. Iwapo hoja inasema kwamba wafanyakazi wanaohudhuria semina za uongozi hupandishwa vyeo haraka, kwa hiyo semina huwapandisha watu vyeo, chaguo linalosema kwamba kampuni huwapeleka semina wale ambao imekwisha kuamua kuwapandisha linaugeuza mshale wote.

Kisa halisi kinachofundisha hili kuliko mfano wowote wa kubuni ni mjadala wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji sigara kwa kiwango kikubwa kuliko wagonjwa wengine waliolinganishwa nao. Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ya 20, hakukubali. Katika maandishi yake ya mwaka 1957 na 1958 alitoa maelezo mawili mbadala. Moja lilikuwa la mzazi mmoja: huenda kuna urithi wa kijenetiki unaomfanya mtu apende sigara na pia awe katika hatari ya saratani. La pili lilikuwa la kugeuza mshale: huenda hali inayotangulia saratani huleta muwasho au usumbufu mwilini ambao mtu huutuliza kwa kuvuta sigara.

Fisher alikosea kuhusu ulimwengu. Ushahidi uliofuata, ukiwemo ule wa madaktari wa Uingereza ambao Doll na Hill walianza kuwafuatilia mwaka 1951, ulionyesha kwamba hatari huongezeka kadiri mtu anavyovuta zaidi na hupungua kwa wanaoacha, mambo ambayo nadharia ya urithi inashindwa kuyaeleza. Lakini tuseme hoja ya mwaka 1950 ingewekwa kwenye mtihani, ikiwa na ushahidi wa uwiano peke yake, na chaguo moja liseme kwamba watu wenye urithi fulani huwa na uwezekano mkubwa wa kuvuta sigara na pia wa kuugua saratani. Chaguo hilo lingekuwa jibu sahihi. Mtahiniwa anayelikataa kwa sababu anajua, na anajua kweli, kwamba sigara husababisha saratani, amejibu swali la afya badala ya swali la hoja. Ninalisisitiza hili kwa sababu naona wasomaji wazuri, wenye elimu pana, wakipoteza alama kwa uaminifu wao kwa ukweli. Swali linapima uhusiano wa ushahidi huu na hitimisho hili. Halipimi kama hitimisho ni la kweli kwa sababu nyingine zilizo nje ya ukurasa.

Upande wa pili wa sarafu hiyo upo pia. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba watu wanaokula matunda na mboga zenye betakarotini nyingi (kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A) huugua saratani ya mapafu kwa nadra, na wengi waliona ni busara kudhani kwamba betakarotini yenyewe ndiyo kinga. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini na wengine hawakupewa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Wanaokula mboga nyingi hutofautiana na wengine kwa mambo mengi. Hoja iliyojengwa juu ya ulaji wao ilikuwa dhaifu pale palepale ambapo Fisher angeielekezea kidole, na safari hii udhaifu ulikuwa wa kweli.

Dalili: machaguo ya kulinganisha yanakuchanganya

Kuna machaguo ambayo hayataji kisababishi kingine, hayageuzi mshale, wala hayazungumzii muda. Yanaeleza tu yaliyotokea mahali pengine, na msomaji huyapita akidhani hayahusiki. Chaguo linasema: "Katika mitaa ya mji huo ambayo haikuwekwa taa, wizi ulioripotiwa ulipungua kwa theluthi moja katika kipindi hichohicho." Mtahiniwa anawaza: hoja inahusu mitaa minne, hii mingine ya nini? Lakini ikiwa tokeo limejitokeza kwa kiasi kilekile pasipo kisababishi, basi kuna kitu kingine kilichopita mji mzima, na taa zimebaki bila kazi ya kufanya katika maelezo yetu.

Kuna njia mbili za kulinganisha: kuonyesha kisababishi kikiwepo bila tokeo, na kuonyesha tokeo likiwepo bila kisababishi. Zote mbili alizitumia daktari John Snow mwaka 1854, kipindupindu kilipozuka katika mtaa wa Soho jijini London. Maelezo yaliyotawala wakati huo yalikuwa kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu itokayo kwenye uchafu unaooza, na Soho ilikuwa na uchafu wa kutosha kuyafanya maelezo hayo yaaminike. Snow aliyashuku maji ya pampu ya Broad Street. Alikuta kwamba katika kiwanda cha bia kilichokuwa kwenye mtaa huohuo, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa wakipewa bia na walikuwa na kisima chao. Nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye watu 535, ilipoteza watu 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Hewa ya Soho waliivuta wote. Hapo kisababishi kinachodaiwa kilikuwepo, na tokeo halikuonekana kwa kiasi kilichotarajiwa.

Kisha akapata mjane mmoja aliyekufa kwa kipindupindu huko Hampstead, mbali na Soho, mahali ambapo ugonjwa haukuwapo. Mjane huyo alikuwa hajafika Broad Street kwa miezi mingi, ila aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa chupa yake kila siku. Mpwa wake aliyemtembelea aliyanywa maji hayo, akarudi kwake Islington, naye akafa. Tokeo lilikuwepo, na hewa ya Soho haikuwepo. Mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Mtu akiyaandika maelezo ya hewa chafu kama hoja ya mtihani, kila moja ya taarifa hizi, wafanyakazi wa bia, nyumba ya maskini, mjane wa Hampstead, ingefaa kuwa chaguo sahihi la kudhoofisha, na hakuna hata moja inayohitaji kutaja neno maji ili ifanye kazi hiyo.

Kisa cha karibu zaidi na kwetu ni cha shule za magharibi mwa Kenya. Watafiti walipolinganisha shule zilizokuwa na chati za kufundishia na zile ambazo hazikuwa nazo, wanafunzi wa shule zenye chati walionekana kufanya vizuri zaidi katika masomo yanayotumia chati hizo, na tofauti haikuondoka hata baada ya kuzingatia vifaa vingine vya shule. Baadaye zilichukuliwa shule 178, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu na kupewa chati, na hakukupatikana ushahidi kwamba chati ziliongeza alama. Shule zilizojipatia chati zenyewe zilitofautiana na nyingine kwa jambo ambalo hesabu ya vifaa haikulinasa. Kwa mtahiniwa, funzo la kutumia ni la moja kwa moja: kila hoja inapolinganisha makundi mawili, uliza ni nani aliyeyaunda makundi hayo na kwa kigezo gani, kwa kuwa chaguo linaloonyesha kwamba makundi yalitofautiana *kabla* ya kisababishi kuingia ni chaguo lenye nguvu.

Dalili: unapitwa na hoja zinazoanza na hali mbaya kupita kawaida

Rudia hoja yetu uangalie maneno "iliyokuwa na wizi mwingi". Mitaa haikuchaguliwa ovyo. Ilichaguliwa ikiwa katika hali yake mbaya. Kiwango cha wizi hupanda na kushuka hata pasipo mtu kufanya lolote, na mahali palipochaguliwa kwa sababu pamepanda kupita kiasi pana uwezekano mkubwa wa kushuka baadaye kuelekea wastani wake wa kawaida. Hali ni ileile kwa makutano ya barabara yanayowekewa kamera baada ya mwaka wa ajali nyingi, na kwa mchezaji anayebadilishiwa kocha baada ya msimu mbovu. Jibu sahihi huja kwa sura ya kawaida tu: "Idadi ya matukio katika mitaa hiyo mwaka uliotangulia ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wowote katika muongo uliopita." Usilipite ukidhani ni maelezo ya usuli.

Dalili: unachagua kinyume

Chaguo linaloondoa maelezo mbadala, kwa mfano "idadi ya polisi wa doria haikubadilika kati ya Januari na Juni", linaitia hoja nguvu. Msomaji mwenye haraka anaona neno polisi, anakumbuka kwamba polisi ni kisababishi kingine, na analichagua. Likikupata hili mara kwa mara, tatizo limo katika usomaji wa vikanushi, na tiba yake ni kupunguza mwendo hasa kwenye kitenzi cha chaguo.

Yapo pia maswali yanayosema kwamba machaguo yote yanaidhoofisha hoja isipokuwa moja. Jibu la swali la namna hiyo si lazima liitie hoja nguvu. Linaweza kuwa halihusiki kabisa, na mara nyingi ndivyo lilivyo, kwa hiyo anayetafuta chaguo la kuimarisha peke yake hukaa bila jibu.

Dalili: unaelewa yote haya nyumbani, lakini muda unakuishia

Anayeishiwa na muda kwa kawaida husoma kifungu mara moja, machaguo yote, kifungu tena, kisha machaguo tena. Mzunguko wa pili ndio unaomla dakika, na unatokana na kuingia kwenye machaguo bila matarajio. Tumia sekunde chache kabla ya machaguo kujiuliza hoja ni ya namna gani: inaeleza mabadiliko ya wakati, inaripoti mambo mawili yanayoonekana pamoja, au inalinganisha makundi mawili? Ya kwanza ikuelekeze kwenye muda na vitu vingine vilivyobadilika; ya pili kwenye kugeuza mshale na mzazi mmoja; ya tatu kwenye namna makundi yalivyoundwa. Usijaribu kulitabiri jibu lenyewe neno kwa neno, kwa kuwa mtunga swali ana njia nyingi za kufika mahali pamoja na utabiri mwembamba utakufanya ulipite jibu lililovaa nguo nyingine.

Swali likigoma, katika LSAT jibu la makosa halipunguzi alama, kwa hiyo chagua jibu, liwekee alama ya kurudi na uendelee. Katika GMAT ya sasa unaweza kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu, na kutomaliza sehemu kunakugharimu, hivyo zitunze nafasi hizo tatu kwa maswali uliyobakiza machaguo mawili.

Kwa mazoezi ya nyumbani, kwenye daftari la makosa usiandike herufi ya jibu sahihi peke yake. Andika hitimisho kama ulivyolielewa wakati ule, andika chaguo ulilolichukua, na uandike kwa sentensi moja ni nini hasa uliamini kwamba chaguo hilo linafanya kwa kiungo cha hoja. Baada ya maswali kama ishirini, zisome sentensi hizo zenyewe mfululizo bila kuyatazama maswali. Kama nyingi zinataja mada badala ya kiungo, rudi kwenye dalili ya kwanza. Kama zinataja kisababishi kingine ambacho hakikubadilika au hakikuwapo, rudi kwenye dalili ya nne, na ufanye mazoezi ya hoja za mabadiliko peke yake mpaka swali la "kilibadilika lini?" lije lenyewe bila kuitwa.